Maziwa ya Njiti Yamelazwa Wodi Nyingine

Mtoto njiti aliyezaliwa katika wiki ya 30 ya ujauzito, mwenye gramu 1,200, hajui kunyonya. Ukimgusisha tone ulimini atalilamba, na ukimwekea kidole atakivuta kidogo. Lakini kunyonya, kumeza na kupumua kwa zamu, bila maziwa kuteleza kwenda mapafuni, ni kazi ambayo ubongo wake utaimudu vizuri atakapokaribia wiki ya 34. Mafuta ya kumkinga na baridi hana. Akiba ya sukari ambayo mtoto huiweka kwenye ini katika miezi mitatu ya mwisho tumboni hakupata muda wa kuiweka. Anahitaji chakula kuliko mtoto yeyote hospitalini, na ndiye asiyeweza kukila.

Aanze kulishwa lini, basi? Saa zile za kwanza? Kesho? Au aachwe na dripu yake siku nne au tano ili utumbo upumzike? Madaktari wa watoto wamebishana juu ya jambo hili kwa vizazi kadhaa, na kila upande ulikuwa na maiti wa kuwaonyesha wenzao.

Niseme mapema ninaposimama. Kwa wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, upande wa kitabibu wa swali hilo umeshajibiwa. Kinachoamua saa ya tone la kwanza huku ni kitanda alicholazwa mama.

Ngara iko pembeni kabisa mwa nchi, milimani, ikipakana na Rwanda na Burundi. Ni wilaya ya migomba, maharage na kahawa, na usiku wake una baridi ambayo mtu mzima huikabili kwa sweta na blanketi zito. Biharamulo iko mashariki yake, tambarare zaidi, yenye vijiji vilivyotawanyika na mapori katikati. Wengi waliosafiri huko zamani wanakumbuka mabasi yakisindikizwa na askari wenye bunduki kwenye pori la Kasindaga. Mama akishikwa na uchungu kabla ya wakati, mlango wa kwanza ni zahanati au kituo cha afya. Mambo yakiwa mazito, kwa Ngara kuna Murgwanza, hospitali ya Dayosisi ya Kagera ya Kanisa Anglikana, na Rulenge ya Wakatoliki. Kwa Biharamulo kuna hospitali teule, mjini. Juu ya hapo ni Bukoba, Hospitali ya Rufaa ya Kanda Chato, au Bugando jijini Mwanza.

Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 uliona kwamba kati ya watoto 1,000 wanaozaliwa hai Tanzania, 43 hufa kabla ya kutimiza miaka 5. Kati ya hao 43, vifo 24 hutokea ndani ya siku 28 za kwanza. Vifo vya watoto wakubwa vimepungua sana kwa chanjo, vyandarua na dawa za malaria. Vya wachanga vimeng'ang'ania palepale, kwa sababu havizuiliki kwa kampeni ya siku moja. Huzuiliwa usiku kucha, kila baada ya saa mbili, na mtu aliye macho.

Miaka ya kushindisha njaa

Hofu ya kumlisha njiti haikuanzia kwa bibi zetu. Mwishoni mwa karne ya 19 madaktari wa Paris, akiwamo Pierre Budin, walikuwa wakiwapa njiti maziwa ya wanawake, kwa mrija ikibidi. Upepo ukageuka baadaye. Katika miaka ya 1940 na 1950, kwenye hospitali kubwa za Uingereza na Marekani, ilikuwa kawaida njiti kuachwa siku nzima, mbili, hata tatu, bila maziwa wala maji. Walioamuru hivyo hawakuwa wakatili. Walikuwa wameona watoto wakitapika, maziwa yakaingia mapafuni, wakafa mikononi mwao.

Ila njaa nayo ilikuwa inaua, kwa mwendo wa polepole usioonekana haraka. Sukari ya damu ilishuka, manjano yakazidi, mwili ukakauka. Mwaka 1964 madaktari wawili wanawake wa Oxford, Victoria Smallpeice na Pamela Davies, wakaandika katika jarida la Lancet habari za njiti 111 wa kati ya gramu 1,000 na 2,000. Watoto hao walipewa maziwa ya mama, yasiyozimuliwa kwa maji, kuanzia ndani ya saa 2 baada ya kuzaliwa. Sukari haikuanguka kama ilivyozoeleka na manjano yalipungua. Kushindisha njaa kukaanza kuonekana kama kosa.

Ungedhani hadithi iliishia hapo. Mwishoni mwa miaka hiyohiyo ya 1960, Stanley Dudrick na wenzake wa Philadelphia walionyesha kwamba mtoto anaweza kukua kwa chakula kinachoingia chote kwenye mshipa wa damu: sukari, protini, mafuta, madini, vitamini. Ulikuwa ushindi mkubwa, na ukaleta uvivu wake. Kama chakula kinaweza kupita mshipani, haraka ya nini na tumbo? Wakati huohuo ugonjwa mmoja wa kutisha ulizidi kuonekana katika vyumba vya njiti: utumbo unavimba, unapasuka, sehemu yake inakufa. Aghalabu ulimshika mtoto aliyekwisha kuanza kula. Wengi wakahitimisha kwamba chakula ndicho mkosaji, na dripu zikaendelea kutiririka siku nyingi huku tumbo likiwa tupu.

Kosa la hesabu hiyo lilikuwa kutotenganisha chakula na chakula. Mwaka 1990 Alan Lucas na Tim Cole wa Uingereza walichapisha matokeo ya njiti 926. Waliolishwa maziwa ya kopo peke yake walipatwa na ugonjwa ule wa utumbo mara 6 hadi 10 zaidi ya waliolishwa maziwa ya mama peke yake. Yaani kabla ya kuuliza mtoto aanze lini, uliza anaanza na nini.

Halafu yakaja majaribio ya kuwagawa watoto kwa kura, ambayo hayaachi nafasi ya daktari kuchagua mtoto ampendaye. Moja, lililotoka mwaka 2012, liliwachukua njiti 404 waliodumaa tumboni, wale hasa ambao kila mtu aliogopa kuwalisha. Nusu walianza maziwa siku ya pili, nusu siku ya sita. Walioanza mapema walifikia ulaji kamili siku ya 18, wenzao siku ya 21, na ugonjwa wa utumbo haukuongezeka. Jingine la mwaka 2019, lenye watoto 2,804 wa Uingereza na Ireland, liliuliza kuhusu kasi: maziwa yaongezwe mililita 18 kwa kila kilo kwa siku, au 30? Walipotimiza miaka 2, makundi mawili hayakutofautiana kwa kuishi bila ulemavu wa wastani au mkubwa. Kwenda pole hakukumkinga mtu.

Novemba 2022 Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo wake wa njiti na watoto wenye uzito mdogo, pamoja na wale wadogo sana: waanze kulishwa mapema iwezekanavyo, kuanzia siku ya kwanza, maziwa ya mama yakitangulizwa mbele ya yote. Na maziwa yaweza kuongezwa hadi mililita 30 kwa kilo kila siku.

Hesabu ya mililita 2

Turudi kwa mtoto wetu wa gramu 1,200. Siku ya kwanza akipewa mililita 20 kwa kila kilo, ni mililita 24 kwa saa 24. Ukizigawa kila baada ya saa 2, ni mililita 2 kwa mlo. Kijiko cha chai hubeba 5. Hiki ndicho kiasi kinachobishaniwa: chini ya nusu ya kijiko.

Kesho yake, kasi ikiwa ile ya 30, mlo unakuwa mililita 5. Siku ya tatu 8, ya nne 11, ya tano 14, na ya sita anafika 16, kiasi kinachokaribia kumtosha. Dripu inatoka kabla wiki haijaisha. Sasa mchelewesho: aanze siku ya tano, na kila siku aongezwe nusu tu ya kasi ile. Atafikia kiasi kilekile siku ya 14 au 15. Tofauti ni zaidi ya wiki nzima akiwa na sindano mshipani.

Katika hospitali yenye lishe kamili ya mshipani, wiki hiyo inavumilika. Aliyesubiri London alikuwa na kitu cha kusubiria. Katika hospitali ya wilaya Tanzania, kinachoning'inia kwenye chuma cha dripu ni maji yenye sukari ya asilimia 10. Mililita 80 za maji hayo kwa kilo zinampa mtoto kama kalori 27, naye anahitaji 110 na zaidi ili akue. Protini hakuna kabisa. Mtoto anaishi kwa kujila mwenyewe, misuli yake ikiyeyuka kila siku. Mshipa wenyewe ni uzi. Sindano inatoka, inachomwa upya mkononi, mguuni, kichwani, na kila tundu ni mlango wa vijidudu. Dripu ikikimbia usiku muuguzi akiwa chumba cha pili, mtoto wa kilo moja anaweza kufurikwa na maji kwa muda mfupi.

Kwa hiyo hoja ya kusubiri, hata kama ingekuwa na mashiko huko ilikotoka, ikivushwa hadi Ngara inageuka kichwa chini. Kule kusubiri ilikuwa tahadhari. Huku ni kumnyima mtoto chakula pekee kilichopo.

Na utumbo wake haukuwa umelala. Mtoto tumboni humeza maji ya uzazi tangu wiki ya 16 hivi, na kadiri miezi inavyokwenda humeza mamia ya mililita kwa siku. Utumbo uliokuwa kazini miezi mitatu ukisimamishwa ghafla unasinyaa, ukuta wake unakuwa mwembamba, na vijidudu vinapenya. Mililita 2 hazimshibishi mtu. Kazi yake ni kuufanya utumbo uendelee kufanya kazi, na kuupaka kinga iliyomo kwenye yale maziwa ya kwanza, ya manjano mazito, ambayo baadhi ya wazee bado hudai ni machafu na kumwambia mama ayakamue ayamwage.

Wapo wa kungojwa kidogo, na hapa mwenye kauli ni daktari wa zamu: mtoto aliyechukua muda mrefu kuzinduliwa, mwenye tumbo lililojaa na kukakamaa, anayetapika kijani, mwenye damu kwenye choo, au aliyezaliwa na hitilafu ya utumbo. Kiasi cha kuongeza nacho hupimwa upya kila siku kwa kumwangalia mtoto mwenyewe. Ila hawa ni wachache. Mtoto anapumua, tumbo lake ni laini, hana kasoro ya utumbo. Huyo hana sababu ya kuingia siku ya pili bila tone.

Mama yuko wapi?

Tumchukulie mama wa Murusagamba, kusini mwa Ngara. Ni wa kubuni, ila safari yake si ya kubuni. Mimba ina wiki 30, miguu imevimba, kichwa kinagonga, macho yana ukungu. Kituo cha afya wanapima presha na kuona dalili za kifafa cha mimba. Anapelekwa hospitali usiku, anafanyiwa upasuaji alfajiri. Mtoto anatoka analia, anapelekwa chumba cha watoto wachanga. Mama anapelekwa wodi ya waliofanyiwa upasuaji, na mpira wa mkojo, na dawa za kuzuia degedege zinazomlevya. Kati ya vyumba hivyo viwili kuna korido, labda na ua. Mume ameondoka kutafuta fedha. Mama mkwe amebaki nyumbani na watoto wengine.

Maziwa ya mtoto yamo ndani ya mama huyu, na hakuna aliyekwenda kuyachukua. Muuguzi wa wodi ya wazazi ana vitanda vyake. Muuguzi wa wachanga hawezi kuwaacha watoto. Saa 6 zinapita, zinakuwa 12, zinakuwa 24. Titi lisilokamuliwa katika saa hizo za mwanzo halipati habari kwamba mtoto kazaliwa, na baadaye litatoa kidogo. Siku ya tatu mama anaweza kusimama, anajikokota akishika ukuta, anamwona mwanawe kwa mara ya kwanza. Kwenye faili imeandikwa kwamba bado hajaanza kulishwa. Ukilisoma bila kujua, utadhani kuna mtu aliyeketi akaamua hivyo kwa sababu za kitabibu. Hakuna aliyeamua. Korido ndiyo iliyoamua.

Dawa ya hili haihitaji umeme. Inahitaji mtu mmoja mwenye mikono misafi aliyepewa kazi hiyo kwa jina kwenye ratiba ya zamu: kwenda kitandani kwa mama ndani ya saa za kwanza, kumfundisha kukamua kwa vidole, au kumkamulia kama bado kalewa dawa. Kinachotoka ni matone, hayajazi hata kifuniko cha soda. Yanavutwa kwa bomba la sindano lisilo na sindano, yanaandikwa jina, yanavuka korido. Baada ya hapo mama akamue mara 8 au zaidi kwa siku, usiku ukiwamo, hata kama mtoto anakula mililita 2 tu, kwa sababu wiki ijayo atataka karibu 200 kwa siku, na titi haliongezi kwa amri ya ghafla. Mara nyingi ndugu wanaomwonea huruma humwambia, mama pumzika, mtoto mwenyewe hata hali. Wanampenda, na wanamkosesha maziwa.

Lipo jibu kubwa zaidi: kuifuta korido yenyewe. Utafiti ulioratibiwa na Shirika la Afya Duniani katika hospitali tano za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, ambako ulifanyika Muhimbili, ulichapishwa Mei 2021. Watoto 3,211 wa gramu 1,000 hadi 1,799 waligawanywa kwa kura. Nusu walihudumiwa kama kawaida, wakisubiri hali itulie ndipo wawekwe kifuani kwa mama. Nusu waliwekwa kifuani mara moja, ngozi kwa ngozi, na ili hilo liwezekane vitanda vya akina mama viliingizwa ndani ya chumba cha uangalizi maalumu. Kundi la kwanza lilikaa kifuani saa 1.5 kwa siku, la pili saa 16.9. Vifo vya siku 28 vilikuwa asilimia 15.7 kwa kundi la kawaida na asilimia 12.0 kwa waliokuwa na mama. Jaribio likasimamishwa kabla ya muda wake, kwa sababu isingekuwa haki kuendelea kuwanyima wengine.

Utafiti huo haukuwa wa chakula. Ila fikiria kinachotokea mama anapolala alipo mtoto. Habari ya nani aende kuchukua maziwa inakwisha. Baridi ya milima ya Ngara, inayomfanya njiti achome kalori zake kwa kujipasha joto, inazuiwa na kifua cha mtu. Madaktari wa Bogotá, Colombia, walianza njia hii mwaka 1978 kwa sababu vifaa vya joto viliwapungukia na wodi zilifurika. Ilikuwa njia ya hospitali iliyoishiwa. Leo inawashinda waliokuwa na vifaa. Kwa wanawake wa huku, waliokua wakibeba watoto mgongoni, kumfunga mtoto mbele kwa kitenge huonekana kituko siku ya kwanza. Siku ya pili wamezoea, na wanaume nao wakifundishwa wanabeba, ingawa wengi hupenda kufanya hivyo mlango ukiwa umefungwa.

Kuna suala la usiku pia. Chumba chenye njiti 6, kila mmoja akila mara 12 kwa siku, kina milo 72. Kila mlo una kupima, kuhakikisha mrija uko tumboni, kuinua bomba na kuyaacha maziwa yashuke yenyewe bila kusukumwa. Hakuna muuguzi mmoja anayeweza kufanya hayo sawasawa na bado akapima sukari, akachoma dawa, akapokea mtoto mpya aliyeletwa hajalia. Mama akifundishwa na kusimamiwa, mlo wa saa 8 usiku unafanyika. Nimesikia hoja kwamba mama wa kijijini hawezi kuaminiwa na mrija. Ni mama huyohuyo tunayemwamini na dawa za kifua kikuu za miezi sita.

Safari nayo hutenganisha. Tangu Aprili 2022 mpango wa M-mama, uliojaribiwa kwanza Sengerema na Shinyanga, umetandazwa nchi nzima: unapigwa namba 115 bila malipo, na gari la wagonjwa au dereva wa kijamii anaitwa kumfuata mama au mtoto mchanga mwenye dharura. Tangu Juni 2025 daraja la Kigongo na Busisi, lenye urefu wa karibu kilomita 3, limeondoa foleni ya kivuko kwa anayekwenda Bugando kutoka upande wa Biharamulo. Barabara na simu zimekuwa bora kuliko wakati wowote. Lakini mtoto akipewa rufaa mama akiwa bado na mshono mbichi, kishawishi ni kumtanguliza mtoto na shangazi yake. Shangazi anafika Mwanza na mtoto, na kanga mbili, na fedha kidogo, na maziwa yamebaki Biharamulo. Hapo ndipo maziwa ya kopo yanaponunuliwa, yakachanganywa na maji ya kutoka popote, kwa mtoto ambaye utumbo wake ndio ule wa hesabu ya Lucas na Cole.

Zamani shangazi huyo angemnyonyesha mtoto mwenyewe kama naye ana mchanga, na hakuna ambaye angeuliza. Kagera ina sababu zake za kuliacha jambo hilo. Wagonjwa watatu wa kwanza wa Ukimwi kutambuliwa Tanzania walionekana mkoani humu mwaka 1983, na kizazi kizima kimekua kikijua kwamba maziwa ya mwanamke mwingine yanaweza kubeba kifo. Tahadhari hiyo ni ya haki. Maziwa ya kuazima yanataka mtoaji aliyepimwa na maziwa yaliyochemshwa kwa kipimo, kazi ambayo hospitali ya Pumwani ya Nairobi imekuwa ikiifanya tangu ilipofungua benki yake ya maziwa mwaka 2019. Kinachosikitisha ni pale hofu hiyo inapovuka mpaka na kumfikia mama mwenyewe mwenye virusi. Akiwa anameza dawa zake sawasawa na mtoto anapewa dawa ya kinga, maziwa yake bado ndiyo chakula bora cha njiti wake. Kuna akina mama wanaokataa kukamua kwa aibu ya kuulizwa mbele ya wenzao, na swali hilo halina haja ya kuulizwa mbele ya mtu.

Wiki sita za nani?

Njiti wa wiki 30 atakaa hospitalini wiki nyingi. Atahama kutoka mrija kwenda kikombe kidogo, kutoka kikombe kwenda titi, akiongezeka gramu 15 hivi kwa kila kilo kwa siku mambo yakienda vizuri. Mama naye anahitaji kula ili atoe maziwa. Chakula hicho, katika hospitali nyingi za wilaya, hupikwa na ndugu nje ya wodi: ndizi, maharage, ugali, chai. Ndugu akirudi shambani, mama hula kwa bahati. Nimeona wataalamu wakipanga mililita za mtoto kwa umakini wa mfua dhahabu huku mama yake ameshinda na kikombe cha chai.

Serikali imesogea kwa upande mmoja. Doris Mollel, aliyezaliwa njiti wa gramu 900 na kuanzisha taasisi yenye jina lake mwaka 2015, alipiga kelele miaka mingi kwamba likizo ya uzazi ya siku 84 huliwa hospitalini kabla mtoto hajafikia hata tarehe aliyopaswa kuzaliwa. Sherehe za Mei Mosi 2024 jijini Arusha zilileta ahadi, na mwaka 2025 sheria ya kazi ikarekebishwa: mama wa njiti sasa apewe muda wa ziada mpaka zitimie wiki 40 za ujauzito. Mwalimu wa shule ya msingi Rulenge na karani wa halmashauri Biharamulo wamepata kitu halisi.

Wanawake wengi wa wilaya hizi mbili hawana mwajiri wa kumwandikia barua. Mkulima wa kahawa wa Kanazi akijifungua njiti msimu wa kuchuma, kinachoweza kumweka wodini ni mume anayekubali kulala na watoto wengine wiki sita bila kumtumia ujumbe wa kumwita nyumbani, na jirani anayechuma mibuni yake kwa makubaliano ya kulipana baadaye. Akikosa hayo huomba ruhusa mtoto akiwa na kilo moja na nusu, na kama hakupewa, huondoka bila kuaga. Halmashauri haiwezi kutunga sheria ndogo ya kumpa mume subira. Inaweza, hata hivyo, kuweka kwenye bajeti yake sahani mbili za chakula kwa siku kwa kila mama aliye na njiti wodini, na vitanda vinne au vitano vya watu wazima ndani ya chumba cha watoto wachanga, na madiwani wanaopitisha bajeti hiyo wana haki ya kuuliza gharama yake ni kiasi gani ukiilinganisha na dripu, dawa za kuua vijidudu na mafuta ya gari la rufaa kwa mtoto aliyechelewa kula.